Padri au Daktari wa Akili?

Juma hili tunaiweka kando ile habari ya karo za shule tuliyowaahidi, kwa sababu tumepokea barua isiyofaa kungoja. Baba mmoja wa jamaa, Mkristu wa siku nyingi huko upande wa Kivu, ametuandikia kurasa nne kwa mkono wake mwenyewe. Jina lake na parokia yake hatutavitaja. Binti yake wa kwanza, mwenye umri wa miaka 22, mwalimu wa shule ya msingi, tangu mwaka jana amekuwa mtu mwingine. Jumamosi anaungama, na Jumapili kabla ya Misa anamtafuta padri tena, kwa kuwa anaogopa kwamba hakueleza dhambi zake sawasawa. Akisali rozari, wazo baya likapita kichwani, anarudi mwanzo kabisa. Usiku mmoja aliianza mara kumi na moja. Anaosha mikono mpaka ngozi inachubuka, asije akagusa kitabu cha sala na uchafu. Sasa amefika hata kuacha kupokea Komunyo. Amekonda, na wanafunzi wake wamezoea kumwona akisimama kimya mbele ya ubao, midomo ikitembea peke yake.

Mashauri hayakukosekana. Shangazi wa binti anasema amerogwa na mwenzake aliyekitamani kiti chake cha ualimu. Jirani anayesali katika chumba cha maombi anasema ni pepo, afunge siku saba bila maji. Katekista, mtu mwema, anasema aongeze sala. Mwishowe muuguzi wa dispensari alimwambia baba huyo ampeleke binti kwa daktari wa akili, na hapo ndipo moyo wake ulipokataa. Anatuuliza: kumpeleka mtoto kwa watu wa saikolojia, je, si kusema kwamba sala haina nguvu? Tena, watu watasema nini?

Maswali hayo ni mawili, wala si moja. La kwanza ni la imani, la pili ni la haya. Yeye amelieleza la kwanza kwa kurasa mbili, na la pili kwa mstari mmoja tu. Lakini sisi tunadhani la pili ndilo linalomnyima usingizi. Tutayajibu yote mawili, kadiri tuwezavyo.

Ugonjwa wa binti huyu, kwa jinsi unavyoelezwa, si mgeni katika Ekleziya. Mapadri waungamishi wanaujua tangu zamani, nao wanauita wasiwasi wa dhamiri. Kwa Kilatini jina lake ni scrupulus, maana yake kijiwe kidogo chenye ncha. Aliyetoka shambani jioni na mzigo kichwani, kijiwe kikiwa ndani ya kiatu, anaelewa mara moja. Mguu haukuvunjika, jeraha halionekani, lakini kila hatua ni maumivu, na safari ya saa moja inakuwa ya saa tatu. Tusidhani kwamba mwenye wasiwasi huu ni mdhambi kuliko sisi. Kwa kawaida ni kinyume: mwizi wa kweli analala fofofo, na yeye asiyechukua hata sindano ya mtu anakesha.

Twaweza kupima hivi. Dhamiri nzima ni kama kengele ya misioni: inalia saa yake, watu wanaamka, wanakwenda Misa, nayo inanyamaza. Aliyekosa anaumia, anatubu, anaondolewa dhambi, anapata amani. Lakini ikiwa kamba ya kengele imenasa juu na kengele inalia usiku kucha, je, tuseme kwamba kuna Misa kila dakika? Mwenye akili anapanda mnarani kutazama kamba. Dhamiri inayouma pasipo kosa, na isiyotulia hata baada ya padri kutamka maneno ya maondoleo, haitaki maungamo mengine. Inataka matengenezo.

Hata watakatifu walipita hapo. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, alipokaa Manresa mwaka 1522, alikuwa amekwisha kuungama dhambi za maisha yake yote kwa maandishi, siku tatu mfululizo. Hakupata amani. Kila siku alikumbuka jambo jingine dogo, akarudi kwa padri, akatoka na mashaka zaidi. Alifunga chakula juma zima ili Mungu amfungulie, mpaka mwungamishi wake akamwamuru ale. Alijaribiwa hata kujitupa katika shimo lililokuwa ndani ya chumba chake na kufa. Huyo ndiye mwanzilishi wa Shirika la Mayezuiti! Alipona siku alipoamua kutozirudia tena kamwe dhambi za zamani, na baadaye aliandika kanuni juu ya wasiwasi huo katika kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho.

Na Tereza wa Mtoto Yezu, ambaye wengi wetu tumempa binti zetu jina lake, alishikwa na wasiwasi huo mwaka 1885, akiwa na umri wa miaka 12, katika mafungo ya kujiandaa kwa Komunyo. Ulimtesa mwaka mmoja na nusu hivi. Mawazo na matendo madogo kabisa yalimgeukia kuwa mashaka. Kila siku alimwendea dada yake Marie, akamwaga yote, na Marie akamwambia: hili utaliungama, hili uliache. Tereza alitii. Tunaona jinsi Mungu alivyomsaidia kwa njia ya mtu mwenye akili timamu aliyemchagulia mambo.

Hapa tunataka kukawia kidogo, kwa sababu hapa ndipo tunapoona padri na daktari wanavyopeana mkono bila kujua. Waungamishi wa zamani walikuwa na amri tatu kwa mwenye wasiwasi: chagua padri mmoja; tii neno lake hata kama moyo unapiga kelele; usirudie dhambi iliyokwisha kuondolewa. Wengi waliona amri hiyo ni ngumu, karibu ukatili. Mtu analia, anaomba kuungama, na padri anamfukuza? Lakini sikilizeni madaktari wanasema nini. Ugonjwa huo, wanasema, unajilisha wenyewe. Wazo la kutisha linaingia; hofu inapanda; mgonjwa anafanya tendo la kujituliza, anaosha, anaungama, anauliza, anaanza sala upya; hofu inashuka kwa muda mfupi. Moyo unajifunza kwamba tendo lile ndilo lililomwokoa, na kesho wazo linarudi na nguvu zaidi, likidai tendo lake kama mdai anayezoeshwa kulipwa. Mwaka 1966, mjini London, mtu wa elimu hiyo aitwaye Victor Meyer alieleza jinsi alivyowatibu wagonjwa wawili kwa kuwazuia wasifanye matendo yale ya kujituliza, huku akiwasaidia kuivumilia hofu mpaka iishe yenyewe. Tangu hapo njia hiyo imeendelezwa na kupimwa katika nchi nyingi, tena kuna dawa zinazosaidia. Basi, je, hiyo si amri ya waungamishi wetu? Usirudie! Kaa na kijiwe, usivue kiatu kila hatua, nawe utaona kwamba hofu ina mwisho. Walichokijua mapadri kwa mang'amuzi ya kitini, madaktari wamekipata kwa njia nyingine, wakaongeza vyombo ambavyo padri hana.

Tunaona aibu kueleza jambo linalofuata, lakini tulieleze. Tulipokuwa seminarini, tulikuwa na mwenzetu wa namna hiyo. Alikuwa wa kwanza katika Kilatini, na wa mwisho kutoka bafuni. Tulimpa jina, Mzee Maji, tukacheka kila alipopita na ndoo. Alikuwa akigonga mlango wa padri wa kiroho hata usiku. Hakuna aliyetufundisha kwamba ule ulikuwa ugonjwa. Sisi tulidhani ni utakatifu wa kujionyesha, na wengine walidhani ni kichwa kulegea. Katikati ya mwaka alirudishwa kwao, sanduku lake likabebwa na lori la mihogo. Hatukumwandikia hata barua moja. Barua ya baba huyu ilipofika, ndiye tuliyemkumbuka.

Lakini kwa nini Wakristu waiogope saikolojia? Hofu hiyo ina sababu, tusiicheke. Bwana Sigmund Freud wa Vienna, ambaye jina lake linatajwa kila mara, hakuamini Mungu, na mwaka 1927 alitoa kitabu kinachosema kwamba dini ni ndoto tu ya watu wanaomtamani baba wa kuwalinda. Wachache wanajua kwamba rafiki yake Oskar Pfister, mchungaji wa Kiprotestanti wa Zurich, alimjibu kwa maandishi mwaka 1928, na kwamba urafiki wao haukukatika. Waliandikiana tangu 1909 mpaka karibu na kifo cha Freud mwaka 1939. Roma nayo ilikuwa na tahadhari: mwaka 1961 ilikataza mapadri na watawa kujifanya waganga wa njia hiyo ya Freud.

Hata hivyo tahadhari si chuki. Tarehe 13 Aprili 1953, Baba Mtakatifu Pio XII aliwapokea huko Roma madaktari wa nafsi waliokutana kutoka nchi nyingi. Hakuwafukuza. Aliwaambia kwamba mtu ni mmoja, mwili na roho, wala hawezi kukatwa vipande. Akawaonya pia kwamba kuna hatia ya kweli mbele ya Mungu, ambayo hakuna ufundi wa saikolojia unaoweza kuiondoa. Na Mtaguso wa Vatikano II, katika hati iliyotolewa tarehe 7 Desemba 1965 juu ya Ekleziya katika ulimwengu wa siku hizi, uliwataka wachungaji watumie katika kazi yao si teolojia peke yake, bali pia mapato ya elimu za dunia, na kati ya hizo ulitaja saikolojia kwa jina.

Onyo la Pio XII ni la kweli kabisa, nasi hatupendi msomaji alisahau. Kama mtu amemnyang'anya mjane shamba lake na hapati usingizi, asiende kwa daktari kutafuta vidonge. Arudishe shamba, aungame, atalala. Yule ana dhamiri nzima. Ndiyo inayofanya kazi yake. Daktari hawezi kuondoa dhambi, wala padri hawezi kutibu ubongo kwa stola. Ugumu ni kutambua lipi ni lipi, na ndiyo maana inafaa wote wawili wawepo.

Tuseme na juu ya pepo, kwani jirani hajanyamaza. Ekleziya haikani kwamba yuko Mwovu. Lakini Katekisimu ya Ekleziya Katolika, katika namba 1673, inaagiza kwamba kabla ya kumpunga mtu pepo inapasa kuhakikisha kwamba si ugonjwa, kwa kuwa magonjwa, hasa ya akili, ni kazi ya uganga wa hospitali. Na kupunga kwenyewe hakufanywi na kila mwenye sauti kubwa, bali na padri aliyepewa ruhusa na askofu. Basi anayempeleka mtoto kwa daktari kwanza hajaikana Ekleziya; ameitii. Kumfungisha msichana aliyekonda siku saba bila maji ni kumwua polepole. Na wale wanaowafunga wagonjwa kwa kamba au mnyororo nyuma ya vyumba vya maombi, kisha wanawadai jamaa mbuzi na fedha, hawana cha kujitetea mbele ya Mungu wala mbele ya sheria.

Sasa haya. Baba mpenzi, utuvumilie tukueleze habari ya baba mwingine. Huyu ni baba yake Tereza yuleyule, Bwana Louis Martin, fundi wa saa. Alioa mwaka 1858. Yeye na mkewe Zélie walizaa watoto tisa, wakazika wanne, na wale watano waliobaki, wote wasichana, baadaye walikuwa watawa. Zélie alikufa mwaka 1877. Mwaka 1887 Louis alipata pigo la kupooza, na baada ya hapo akili yake ilianza kupotea kidogo kidogo, kwa kuwa ubongo ulikuwa umepungukiwa. Mwezi wa Juni 1888, miezi miwili tu baada ya Tereza kuingia Karmeli, alitoweka nyumbani. Walimtafuta siku nne, wakamkuta katika mji wa bandari, Le Havre. Februari iliyofuata aliona vita ambavyo havikuwapo, akashika bastola ili awalinde binti zake. Tarehe 12 Februari 1889 walimpeleka Caen, katika nyumba ya wagonjwa wa akili iliyotunzwa na masista, akakaa humo miaka zaidi ya mitatu.

Na watu wa Lisieux, je, walinyamaza? Watu ni walewale kila mahali. Walisema kwamba binti wamemtia baba yao wazimu kwa kumwacha mmoja baada ya mwingine, hasa yule mdogo aliyempenda kuliko wote. Maneno hayo yalipita ukuta wa monasteri, yakamfikia Tereza, naye alikuwa na miaka 16. Binti wawili waliobaki nje, Céline na Léonie, hawakumficha baba yao. Walihamia Caen kwa muda ili wawe karibu naye, ingawa waliruhusiwa kumwona mara moja tu kwa juma. Mzee mwenyewe, katika saa zake za kuona vizuri, alikubali kwamba yeye aliyezoea kuamuru sasa inampasa kutii. Alirudishwa kwa jamaa mwaka 1892, akafa mwaka 1894.

Tarehe 18 Oktoba 2015, huko Roma, Papa Fransisko aliwatangaza Louis na Zélie kuwa watakatifu, mume na mke pamoja, jambo lisilopata kutokea kabla ya hapo. Basi baba yule aliyelala miaka mitatu katika nyumba ambayo watu walitaja jina lake kwa kunong'ona, sasa tunamwomba atuombee. Hakuna aliyesema kwamba afutwe kwenye orodha kwa sababu ya hospitali. Shangazi ataendelea kusema, Baba, mwache aseme.

Yabaki mambo ya kutenda. Mwende kwanza kwa paroko, wewe na binti yako, mwombe awe mwungamishi wake wa pekee, naye ampangie siku, kwa mfano mara moja kwa mwezi, asimpokee kabla yake. Aamuru pia juu ya Komunyo, na binti apokee kwa utii hata kama anatetemeka. Halafu mwende kwa daktari. Mjini Bukavu iko hospitali ya Sosame, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Mafurere wa Mapendo. Walio karibu na mipaka wanajua pia nyumba zao za Ndera huko Rwanda na Kamenge huko Bujumbura. Mafurere hao walianzishwa mjini Gent, Ubelgiji, mwaka 1807, na padri aitwaye Petrus Jozef Triest. Mwaka 1815 walianza kuwatunza wagonjwa wa akili wa mji huo, waliokuwa wamefungwa minyororo chini ya ngome ya kale, wakawafungua. Imepita miaka mia mbili na zaidi, na sisi bado tunanunua minyororo sokoni.

Daktari akitoa dawa, msishangae ikikawia. Ya namna hii huchukua majuma kadhaa kabla haijaonyesha kazi yake, wala haifai kuiacha ghafula kwa sababu mgonjwa amecheka siku mbili. Na ninyi wa nyumbani mna sehemu yenu, ambayo labda ni ngumu kuliko zote. Binti atawauliza: je, nimekosa? Je, mikono ni safi? Je, Mungu amenisamehe? Mmekuwa mkimjibu kwa mapendo mara ishirini kwa siku, na kila jibu limekuwa kuni juu ya moto. Mkubaliane naye, akiwa ametulia, kwamba mtamjibu mara moja tu, kisha mtazungumza habari ya mihogo, ya mvua, ya watoto wa shule. Mama ataumia kunyamaza. Amwulize daktari namna ya kufanya, kwa maana kunyamaza kwa ukali ni jambo jingine.

Akianza kusema kwamba afadhali afe, kama Inyasi alivyojaribiwa, msingoje Jumatatu wala ruhusa ya shangazi. Asiachwe peke yake hata usiku mmoja, na siku ileile apelekwe hospitali.

Tunaingoja barua yako ya pili, Baba. Na kwa kuwa gazeti hili linasomwa na wote nyumbani kwako, twajua kwamba binti naye atafika kwenye ukurasa huu, na akiisha kusoma atataka kuanza tena juu, asije akawa ameruka neno moja lenye maana. Mwalimu mpenzi, tunakuomba usirudie. Hata kama uliruka neno, liache. Ukunje gazeti, umpe mdogo wako afungie karanga.